UKUTA WA BIBI-ARUSI: Wamadhesi wa Nepal na swali la «Wewe ni wa wapi?»

Utangulizi

Katika kitabu chetu hiki tumezoea kusoma juu ya mila za mababu zetu: ndoa, matanga, ngoma, majina ya watoto. Leo tunatoka inje ya inchi yetu, tunafika mbali, Nepal, chini ya milima ya Himalaya. Mtu atauliza: juu ya nini Nepal? Jibu ni fupi. Miaka ya 2000 wenyeji wa Ituri waliona askari wa Nepal wenye kofia za bluu, ndani ya MONUC. Mwenye kuwaona angeweza kusema: njo sura ya Wanepal wote, watu wa milimani. Kumbe jeshi lile lenyewe lilikuwa na mashitaki nyumbani kwake. Watu wa uwanda wa kusini, wanaoitwa Wamadhesi, walikuwa wachache sana ndani yake, na kuingizwa jeshini ilikuwa moja ya madai waliyoyapeleka barabarani.

Sisi wa mashariki ya Congo tunajua uzito wa swali «Wewe ni wa wapi?» Ukiulizwa na mgeni ni salamu. Ukiulizwa na mwenye kushika muhuri wa serkali, linaweza kukunyima masomo, kazi na hata jina. Wamadhesi wanalijibu swali hilo namna mbili: kwa siasa, na kwa picha ambazo wamama wao wanachora ukutani. Katika makala hii tutapima majibu yote mawili. Tutaona kwanza watu wenyewe ni nani, kisha ginsi jina lao lilivyokuwa bendera, halafu tutakaa zaidi kwenye picha ya ndoa iitwayo kohbar. Tunasema tangu mwanzo: kwa maoni yetu, ukuta wa wamama umejibu vizuri kuliko bendera.

1. Madhesh na watu wake

Neno Madhesh linafikiriwa kutoka katika «Madhyadesh», maana yake inchi ya katikati. Nepal imepandana kama ngazi: juu kabisa theluji na mawe, katikati milima ya kijani, chini uwanda mwembamba wa Tarai ulioshikana na India. Njo huko chini Wamadhesi wanakaa. Joto ni kali, udongo unazaa, mpunga unakubali. Watu wanasema Kimaithili, Kibhojpuri, Kibajjika, Kiawadhi na zingine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, Kimaithili ni lugha ya mama ya karibu asilimia 11 ya Wanepal wote, na Kibhojpuri asilimia 6. Ni lugha ya pili na ya tatu ya inchi, nyuma ya Kinepali chenye karibu asilimia 45. Watu wa namna hiyo si wachache wa kuhesabiwa kwa vidole.

Mpaka wa kusini ulianza kuchorwa kwa mapatano ya Sugauli, yaliyotiwa sahihi mwisho wa 1815 na kukubaliwa Machi 1816, kisha Nepal kushindwa vita na Kampuni ya Waingereza ya India. Msitari ule ulikata Mithila ya zamani. Sehemu kubwa ilibaki India, katika Bihar ya leo. Sehemu ingine, yenye muji wa Janakpur, ikawa Nepal. Lakini msitari wa karatasi haukukata jamaa. Hata leo Wanepal na Wahindi wanavuka bila viza, kufuatana na mapatano ya 1950. Wenyeji wanayaita mahusiano yao «roti-beti», ni kusema mkate na binti: tunakula pamoja, tunaozana. Neno hilo binti tulishike vizuri, tutalirudilia.

2. Lugha moja, vazi moja

Mwaka 1960 Mfalme Mahendra alivunja bunge, akaleta utawala wa Panchayat uliodumu mpaka 1990. Utawala ule ulitaka Mnepal awe na sura moja. Lugha moja: Kinepali. Vazi moja: kanzu fupi na suruali ya watu wa milimani, pamoja na kofia yao. Mzee wa uwandani anayefunga dhoti, kitambaa kirefu cha kuzunguka kiuno na miguu, alikuwa sawa na mtu aliyekuja kutembea katika inchi ya wenyewe. Neno «dhoti» likawa tusi. Mtu anapita barabarani Kathmandu, wanamwita kwa nguo yake, naye anaelewa wanataka kusema nini: rudia kwenu India.

Sheria nayo ilisaidia tusi. Kwa sheria ya uraia ya 1964, mgeni aliyeomba kuwa raia alipaswa kujua kusema na kuandika Kinepali. Kwa mkulima wa Siraha au wa Mahottari asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha baba yake ni nani, mlango ulikuwa mwembamba sana. Wakati huohuo, kisha malaria kupunguzwa kwa dawa miaka ya 1950 na 1960, watu wengi wa milimani walishuka kulima uwandani. Mwenyeji akaona jirani mpya anapata karatasi haraka, yeye mwenyewe anangoja.

Hapa walimu wa historia tunapaswa kusema jambo moja wazi. Lugha hiyo ya «wageni» iliheshimiwa ndani ya bonde la Kathmandu mbele ya wafalme wa ukoo wa Shah kulishinda mwaka 1768 na 1769. Wafalme wa Malla, kule Bhaktapur, Patan na Kathmandu, walikuwa na michezo ya kuigiza kwa Kimaithili katika nyumba zao za kifalme. Kwa hiyo kusema Kimaithili kiliingia juzi kutoka India ni kutojua habari za inchi yenyewe.

Gajendra Narayan Singh, aliyeunda mwaka 1983 chama cha kutetea watu wa uwanda, alifahamu nguvu ya nguo. Yeye aliingia bungeni na dhoti. Tendo dogo, lakini lilisema kuliko hotuba: nguo mnayotukania, njo hii, nimekaa nayo kwenye kiti cha bunge.

3. Jina lenye nguvu, jina lenye nyufa

Januari 2007, Upendra Yadav na wenzake walichoma katiba ya muda katika Kathmandu, juu waliona haiwapi nafasi yao. Uwanda wote ukawaka. Harakati ingine ikafuata 2008. Mwaka ule Nepal iliacha ufalme, na raisi wa kwanza wa jamhuri, Ram Baran Yadav, akatoka kwa Wamadhesi. Mwaka 2015, wakati wa kuleta katiba mpya ya tarehe 20 Septemba, zaidi ya watu 40 walikufa katika maandamano ya kusini, kati yao waandamanaji, polisi na watu waliopita njia. Mwaka 2022 jimbo namba mbili, lenye wilaya nane na makao yake Janakpur, lilipata jina rasmi: Madhesh. Neno lililokuwa tusi sasa liko kwenye muhuri wa jimbo. Hatuwezi kulidharau jambo hilo. Watu walilipa kwa damu.

Lakini kazi ya mwenye kupima ni kuangalia pia nyufa. Mfano wa kwanza ni kiapo. Julai 2008, makamu wa raisi Parmananda Jha, mtu wa Saptari, aliapa kwa Kihindi. Vijana wa Kathmandu walikasirika, na 2009 mahakama kuu ikasema kiapo hakikuwa halali. Februari 2010 aliapa tena, kwa Kimaithili na kwa Kinepali. Wenye kumtetea walisema Kihindi kinaunganisha watu wa uwanda wote, sababu Mmaithili na Mwawadhi wanasikilizana kwacho sokoni. Ni kweli. Lakini ni wachache sana wanaokiita lugha ya mama. Kiongozi aliyetaka kuonyesha kwamba hatuko Wahindi alichukua lugha ya India kama fimbo. Kwa maoni yetu, kiapo cha pili kilikuwa na uzito zaidi kuliko cha kwanza. Siku ile alisema kama mtoto wa mama fulani, wa kijiji fulani. Njo wakati inchi ilimsikia Mnepal akisema lugha ingine ya Nepal.

Mfano wa pili ni Watharu. Hao ni wenyeji wa zamani wa Tarai, walioishi na malaria ya msitu mbele ya wengi kufika. Mwaka 2009 walifunga barabara wakikataa kuandikwa na serkali kwamba ni Wamadhesi. Walisema: sisi ni Watharu, basi. Viongozi wa Madhesh walichukua maneno hayo kama kazi ya adui. Sisi tunaona ni swali la haki. Kama jina lako limezaliwa juu ya kukataa kuitwa kwa nguvu jina la mwingine, hauwezi tena kumuita jirani yako kwa nguvu jina lako.

Basi ugonjwa uko wapi? Jina la siasa lilijengwa kwa kujibu tusi. Linajua vizuri kusema nani hatuko: hatuko watu wa milimani, hatuko wageni. Ukiliuliza sisi ni nani, linaanza kutafuta maneno. Kwa jibu hilo, tuingie ndani ya nyumba.

4. Kohbar: ukuta unaosema

Katika Mithila, pande zote mbili za mpaka, ndoa inafanyika kwa wazazi wa bibi-arusi. Wamama wa jamaa wanatengeneza chumba kimoja, kohbar, ambamo bwana na bibi watakaa usiku wao wa kwanza, mpaka sherehe ya siku ya nne. Ukuta wa chumba hicho wanauchora. Zamani rangi nyeusi ilitoka kwenye masizi ya taa, manjano kwenye binzari, nyeupe kwenye unga wa mchele uliosagwa na maji. Brosi ilikuwa kijiti chenye kufungwa pamba au kitambaa. Mama mwenye kujua anaanza msitari, wengine wanajaza, wasichana wanatazama na kujifunza. Hakuna mwenye kuandika jina lake chini.

Katikati ya picha kunasimama shina moja linalopita kati ya majani ya mviringo ya yungiyungi, ua la majini. Karibu yake kuna mianzi. Wengi wanaeleza kwamba yungiyungi ni bibi na ukoo wake, mianzi ni bwana na ukoo wake, wote wawili vitu vyenye kuzaana upesi. Kandokando wanaweka samaki na kobe, kasuku wawiliwawili, nyoka. Jua na mwezi ni mashahidi. Bibi-arusi anaonekana akiabudu mungu mke Gauri. Kwenye pembe za chumba wanachora wanamke wenye kuonyesha jicho moja tu, walinzi wa kufukuza jicho baya. Nafasi tupu hakuna. Mtu asiyezoea anaweza kuona vurugu, lakini akitazama polepole ataona kila kitu kimeshikana na kingine: jani na shina, samaki na maji, ndege na mwenzake. Hakuna kinachosimama peke yake. Kwetu hii njo akili ya picha hiyo. Haionyeshi mtu, inaonyesha kufungamana.

Tufikiri sasa nani anabeba ufundi huo. Ni binti. Alijifunza kwa mama yake, halafu anaolewa kijiji kingine, mara nyingi ngambo ya mpaka, na kule atachora tena siku watoto wa jamaa mpya wakioana. Kwa hiyo mila ya Mithila haikai pahali pamoja kama jiwe. Inatembea na wanamke, na njo sababu haikufa pale mpaka ulipochorwa.

Hata hadithi yao kubwa inasema vile. Janakpur ni muji wa Sita, binti wa Mfalme Janaka. Ram alitoka Ayodhya, akamuoa, akamchukua. Kila mwaka, siku ya Vivaha Panchami, watu kwa maelfu wanafika Janakpur kushangilia ndoa hiyo mbele ya hekalu la Janaki. Na bado wazazi wengi wa Mithila hawapendi kuoza binti wao siku ileile, juu wanakumbuka mateso ya Sita katika ndoa yake. Tuone ukubwa wa jambo hili: shujaa wanaomshangilia kuliko wote ni bibi-arusi aliyeondoka nyumbani. Wanamshangilia, wanamlilia. Mtu asiyeelewa huzuni hiyo hataelewa Mithila.

5. Ukuta ukigeuka karatasi

Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa lilivunja nyumba za Bihar na Nepal. Mwingereza William Archer, mtumishi wa serkali ya wakoloni, alipita kuangalia hasara, akaona ndani ya kuta zilizopasuka picha ambazo watu wa inje hawakuzijua. Miaka zaidi ya 30 nyuma yake, ukame wa 1966 na 1967 ulileta njaa Bihar. Ofisi ya India ya kazi za mikono, chini ya Pupul Jayakar, ilimtuma Bhaskar Kulkarni kuwapa wamama wa Madhubani karatasi kusudi wachore na kuuza. Kutoka hapo majina yakatoka: Jagdamba Devi, Sita Devi, Ganga Devi, wote wakapata nishani za taifa. Upande wa Nepal, mwaka 1989, kituo cha wamama kilianza karibu na Janakpur, pamoja na Mmarekani Claire Burkert. Wao wanachora kwenye karatasi ya lokta, inayotengenezwa kwa maganda ya kijiti cha milimani. Hatutaki kupita haraka hapa: mama wa uwandani anaweka samaki wake juu ya karatasi ya mlima. Wanasiasa wa pande zote mbili hawajapata bado mapatano mazuri kama hayo.

Tuseme faida bila aibu. Mama aliyefunika uso wake katika nyumba ya bwana alipata feza mkononi mwake, alipanda gari kwenda muji, aliandika jina lake chini ya kazi yake. Wamama wa tabaka la chini nao waliingia. Wadusadh, ambao zamani walisukumwa pembeni na Wabrahmini na Wakayastha, walileta mistari ya chale walizochorwa mwilini, na hadithi za shujaa wao Salhesh. Kwa hiyo karatasi ilivunja ukuta mmoja ambao ukuta wa udongo uliulinda. Picha ya zamani haikuwa bila dhambi: ilisema kufungamana, lakini kwa watu wa tabaka lake.

Hasara pia iko. Mtalii anataka samaki, basi wanachorwa samaki mia, wote mamoja. Kazi kama hizo zinapendeza kama kitambaa cha meza, kisha umezisahau. Vilevile tablo za mafundisho ya afya na za uchaguzi, zilizoagizwa na mashirika, mara nyingi zinasema kwa sauti ya aliyelipa. Tunapima tofauti kazi za Ganga Devi. Alisafiri Marekani, akachora magari ya michezo ya kule kwa mistari yake ya Mithila. Alishikwa na kansa, akachora hospitali. Hapo mila haikuwa kurudilia. Ilikuwa macho ya kuonea jambo jipya.

Ganga Devi huyohuyo alichora kohbar nzima katika makumbusho ya kazi za mikono kule New Delhi, mbele ya kufa 1991. Mwaka 2015, wakati wa kutengeneza jengo upya, ilivunjwa. Wapenzi wa sanaa walilia, na walikuwa na haki. Kijijini picha ya ndoa inafutika na mvua na udongo mpya, hakuna anayelia, sababu binti yupo wa kuchora ingine. Makumbusho ilikuwa na ukuta, haikuwa na binti. Njo tofauti kati ya kulinda kitu na kulinda mwenye kukijua.

6. Bibi-arusi na karatasi ya uraia

Sasa turudi kwa neno binti. Mwanamke wa Bihar akiolewa Janakpur, sheria ya Nepal inamfungulia uraia wa kuomba. Lakini katiba ya 2015 inasema raisi, makamu wake, waziri mkuu, spika na jaji mkuu lazima wawe raia wa ukoo. Yeye hataweza hata akiishi kule miaka 50. Na binti wa Janakpur akizaa na mgeni, mtoto wake anaomba uraia kama mgeni. Kaka yake akizaa na mgeni, mtoto ni raia wa ukoo. Kuna tena waliopewa uraia wa kuzaliwa katika zoezi kubwa la 2007: watoto wao walikaa miaka bila karatasi. Bunge lilipitisha dawa 2022, raisi wa wakati ule akakataa kutia sahihi. Sahihi ilipatikana Mei 2023 tu. Kijana aliyemaliza sekondari wakati huo wote alikosa kazi ya serkali na paspoti. Sisi walimu tunajua mwaka mmoja wa kijana una bei gani.

Wenye kutetea sheria hizo wanasema inchi ndogo kati ya China na India inapaswa kujilinda. Hofu yao tunaielewa. Inchi yenye jirani mkubwa hailali vizuri. Lakini sheria inatafuta mgeni pale ambapo mila inaweka msingi wa nyumba. Mwanamke anayetoka kijiji kingine njo mwenye kuleta mchoro, nyimbo, namna ya kusalimu jua siku za Chhath. Ukimuita wa nusu, umeita utamaduni mzima wa nusu. Na hapa viongozi wa Madhesh nao tunawalaumu: walipigania sana viti na mipaka ya majimbo, na haki ya binti zao wenyewe ya kurisisha uraia ilibaki nyuma ya msafara.

Kwa kumaliza

Tumepima majibu mawili. Bendera ya Madhesh ilirudisha heshima ya watu waliotukanwa kwa nguo yao, na bila bendera hiyo karatasi nyingi za uraia zisingetolewa. Lakini ukuta wa wamama unajua zaidi. Unajua kwamba mtu ni wa pahali kwa vile amefungamana na watu wa pale, na kwamba anayefika kwa ndoa si mwizi wa inchi.

Sisi wenye kuandika juu ya mila tunapenda kuanza na majina ya wakubwa na mipaka ya ardhi yao. Ni vema. Lakini tukiuliza mila fulani ilitufikia kwa njia gani, mara nyingi tutakuta nyuma yake mwanamke aliyetoka kwingine, akafika na mzigo wa mikeka na vyungu, na ndani ya kichwa chake kazi yote ambayo leo tunaiita yetu. Wamama wa namna hiyo bado wako katika jamaa zetu. Tuwaulize wangali hai.